Kitabu cha mkutano kiko kwangu

Ni daftari la mistari la kurasa 96, jalada la buluu, na kona moja imelowa mafuta ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa sababu kuna jioni nililiwekea sahani juu bila kufikiri. Nililinunua mwenyewe na pesa yangu sijarudishiwa mpaka leo. Ndani mna mikutano minne ya kamati ya afya ya kwetu, huku upande wa Mugunga, mjini Goma, mashariki mwa Kongo, na yote minne ilikuwa na ajenda moja: hospitali mpya ijengwe wapi.

Uandishi sikuuomba. Nina kibanda cha yuniti na pesa za simu kando ya barabara ya Sake, nakaa pale tangu asubuhi mpaka giza, na mwandiko wangu unasomeka. Kamati ikaona imepata sekretere na ofisi kwa mpigo mmoja. Anayetaka kujua mkutano ni lini anapita kwangu. Anayetaka kulalamika naye anapita kwangu, na huyo huwa anavuta kiti.

Kwa asiyejua huku: mji wa Goma hauna pa kutanukia. Kusini ni ziwa, mashariki ni mpaka wa Rwanda, kaskazini ni Nyiragongo, mlima wa volkano. Umebaki upande wetu wa magharibi. Lava ya Januari 2002 ilipokata mji katikati mpaka ikaingia ziwani, walioungua nyumba walianza kutafuta viwanja huku. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka tena, lava ikasimama Buhene, si mbali na uwanja wa ndege, na wengine wakaja. Vita navyo vina watu wake. Kila balaa la mji linatuletea majirani. Nilipoolewa huku mwaka 2006, kati ya mlango wetu na barabara kulikuwa na mawe meusi matupu. Leo nahesabu nyumba kumi na moja, tisa za mbao na mbili za mawe. (Mambo ya nani anatawala mji siyaandiki. Kibanda changu kiko barabarani na nina watoto.)

Watu wameongezeka, kituo cha afya ni kilekile. Vitanda vinne, muganga mmoja mwenye moyo, na sufuria moja ya kuchemshia vyombo. Mama akishindwa kuzaa usiku, kinachofuata ni moto, yaani pikipiki: motari mbele, mgonjwa katikati, mama mkwe nyuma amemkumbatia asianguke, mpaka hospitali ya Ndosho au ya Kyeshero. Na Januari 2025, vita vilipoingia mjini, kila mtu aliona hospitali za mji zilivyojaa majeruhi hadi wakalazwa sakafuni. Kwa hiyo hakuna aliyekuja mkutanoni kusema hospitali haihitajiki.

Mkutano wa kwanza ulikuwa Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, watu bado wana majembe mikononi. Prezida wa kamati akatangaza habari mbili nzuri. Kwanza, kanisa moja limepata mfadhili wa kujenga, mradi sisi tutoe kiwanja chenye karatasi, mawe, mchanga na nguvu zetu. Pili, kiwanja kimeshapatikana. Mfanyabiashara mmoja, mtoto wa hapa anayeishi mjini siku hizi, anatoa parseli yake ya kule chini, ukielekea ziwani, bure. Nikaandika: *Makofi.* Nikaongeza: *marefu.*

Makofi yalipotulia, mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma ya watu juu ya chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akanyoosha mkono. Ni mtu wa maneno machache. Amebeba viazi na makaa kwenye ile chukudu maisha yake yote, goti moja halikunji tena.

"Ile fasi mbuzi zangu zilikufa pale," akasema. "Tatu. Usiku mumoja."

Prezida akamshukuru kwa mchango wake na kuendelea na ajenda. Mimi nikabaki na kalamu hewani, sijui kama mbuzi wanaingia kwenye kitabu au hawaingii. Nikawaandika pembeni, kwa penseli.

Watu wa Goma wameshajua mzee alikuwa anasema nini. Kwa wa mbali: mazuku ni hewa inayotoka chini ya ardhi kwenye nyufa za mawe ya volkano. Ni kaboni dioksidi, gesi ileile inayofanya soda itoe povu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tunayovuta, inajikusanya mahali pa chini kama maji kwenye bakuli. Haina rangi, harufu huisikii. Usiku upepo ukitulia inajaa. Jua likipanda na upepo ukivuma inatawanyika. Ndiyo maana mtu anaweza kulima maharage kwenye bonde hilo saa sita mchana huku anaimba, na mbuzi akafa humohumo kabla ya mapambazuko. Inaanza na wafupi: kuku, mbwa, mbuzi, mtoto. Na mtu yeyote aliyelala chini.

Mkutano wa pili ndio ulikuwa vita. Maana upande wa pili nao walikuwa na kiwanja chao: uwanja wa mpira, kule juu kando ya barabara. Ni mahali pa wazi, pana upepo, hata gari linafika mlangoni. Ila ule uwanja haukuumbwa na Mungu. Vijana wa kwanza waliuchonga kwa nyundo na patasi, jiwe moja moja, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka lava ikawa tambarare mpira ukaweza kudunda bila kukata mtu goti. Baadhi yao leo ni baba wa watoto, na walisimama mkutanoni na mikono yao ile ya makovu. Mmoja akasema, "Munatunyanganya fasi ya kuwa wazima ili mutupe fasi ya kuwa wagonjwa." Nikaandika yote, na nikampigia mstari.

Wa bonde, waliotaka ile parseli ya kule chini, nao hawakuwa wajinga, na hapa ndipo naona wanaosimulia habari hii mjini wanawaonea. Bonde lina udongo. Huku kwetu udongo ni mali. Shemeji yangu ni fundi wa mawe. Kuchimba choo cha mita mbili kwenye lava kunamchukua wiki tatu na patasi mbili zinaisha. Bonde pia liko karibu na ziwa, na maji yetu ni ya kubeba: bidoni za njano kichwani, kwenye baiskeli, kwenye chukudu. Hospitali ya juu itakunywa nini? Mama mmoja aliyezalisha nusu ya kartie (mtaa wetu) kabla kituo hakijafunguliwa akasimama akauliza swali ambalo wanaume wote waliangalia chini likiulizwa:

"Kondo mutazika wapi? Juu ya jiwe?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Ana haki. Materinite, nyumba ya kuzalia, bila shimo la kondo la nyuma ni mbwa kila asubuhi mlangoni. Na shimo la takataka za hospitali likichimbwa kwenye mawe yenye nyufa, mvua ikinyesha vile vitu vinakwenda wapi? Vinashuka kule tunakochota maji. Mugunga inaikumbuka kipindupindu. Mwaka 1994, kambi za wakimbizi zilipojaa huku, watu walikufa kwa maelfu, na wenyeji wazee hawahitaji mtu wa semina kuwaeleza uhusiano wa choo na ndoo.

Kwa hiyo ukinisomea kwamba upande mmoja ulikuwa wa akili na mwingine wa uroho, mimi nina kurasa kumi na mbili zinazosema vingine. Ingawa uroho ulikuwepo. Kulikuwa na binamu wa yule mfanyabiashara aliyekwisha kununua viwanja viwili vinavyopakana na parseli ya bonde. Hilo halikusemwa mkutanoni, lilisemwa kibandani kwangu, na mara tatu, na watu watatu tofauti, kila mmoja akiniomba nisimtaje.

Aliyetuondoa kwenye kelele ni mzee wa chukudu. Mwishoni mwa mkutano wa pili akasema hana maneno, ila anayetaka kuona aje saa kumi na moja ya asubuhi, siku ambayo hakuna upepo.

Tulikwenda watu tisa. Mimi kwa sababu ya kitabu, prezida kwa sababu angeonekana mwoga asingekuja, yule binamu, mwakilishi wa kanisa, shemeji yangu, muganga wa kituo, na vijana watatu wa mpira ambao nadhani walikuja kushangilia. Kulikuwa na baridi na mwanga mdogo, ziwa halijaonekana, linasikika tu. Mzee alituzuia juu ya ukingo, akasema asiteremke mtu. Akatoa kibatari, kile cha kopo la nyanya, akakifunga kwa waya na waya kwa kamba ya nailoni, akakiwasha. Ulimi wa moto ulisimama wima, mwekundu, mzuri.

Akaanza kukiteremsha polepole, kama mtu anayeshusha ndoo kisimani. Mita moja, moto uleule. Mita moja na nusu, moto uleule, na yule binamu akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayejiandaa kusema "mnaona." Kilipokaribia ardhi, kama usawa wa kiuno cha mtu angekuwa amesimama pale chini, ulimi ukapungua. Haukuyumba, maana upepo haukuwepo. Ulijinyanyua juu ya utambi, ukaachana nao kidogo, kama mtu anayeinua miguu asikanyage maji baridi. Ukazima.

Nilichokuwa sikijui ni moshi. Moshi wa utambi haukupanda. Ulilala. Ulijitandaza juu ya kitu ambacho hatukukiona, ukawa kama shuka jembamba linaloelea, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona mazuku ina uso, kama ziwa lina uso. Mzee akakivuta kibatari, akakiwasha, akakiteremsha tena. Kikazima palepale. Mwakilishi wa kanisa akasema huenda mafuta yana maji. Mzee akampa kiberiti awashe mwenyewe. Kikazima mara ya tatu, na mwakilishi akarudisha kiberiti bila neno.

"Hospitali ni nyumba ya watu wenye kulala," mzee akasema. Akaanza kukunja kamba yake.

Yule binamu akapendekeza bonde lijazwe mawe na udongo, liinuliwe. Shemeji akamwambia, kwanza hesabu ya malori hayo itakuwa kubwa kuliko hospitali yenyewe. Pili, hewa inayopita kwenye nyufa za lava itapita pia kwenye mawe uliyomwaga, na safari hii itatokea ndani ya nyumba yenye madirisha yaliyofungwa kwa ajili ya baridi. Muganga akaongeza kwamba ameshapokea watu wawili waliookotwa karibu na hapo. Nilimuuliza njiani kwa nini hakusema mkutanoni. Akasema, "Mama Sekretere, mimi nalipwa kupitia watu walewale wanaokaa meza ya mbele." Hilo nalo sikuliandika siku ile. Naliandika leo kwa sababu ameshahamishwa.

Basi ungedhani mambo yameisha. Mkutano wa tatu ulianza kwa kukubali kwamba bonde limekufa, ukamaliza kwenye jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda kabisa. Na hapa lazima niseme aliyeliingiza ni mimi.

Tangu benki zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, pesa ya mji huu inapita kwenye simu. Inapita kwangu. Najua bei ya hospitali kuliko muganga. Mtu akija kutoa dola 15, uso wake ni wa kawaida, hiyo ni malaria. Akija na dola 40 zilizotoka kwa watu wanne tofauti ndani ya saa moja, najua kuna mtoto ameongezewa damu. Dada mmoja alikuja jioni saa mbili na ujumbe kumi na saba kwenye simu, kutoka Butembo, Kampala, Kinshasa na mahali pengine, dola 5, dola 10, dola 3, na mimi nikijumlisha yeye ananitazama midomo. Ilikuwa ya operesheni ya kuzaa ya mdogo wake. Ilipungua dola 60. Hakulia, aliniuliza tu kama simu inaweza kukopesha.

Mimi mwenyewe, mwaka 2017, nilipasuliwa kwa mtoto wangu wa mwisho. Hospitali siitaji, walinitibu vizuri, mshono hauonekani. Siku ya sita daktari aliandika niende nyumbani. Nilikwenda siku ya kumi na saba. Siku kumi na moja nilizilala kwenye godoro moja na mama mwingine aliyekuwa na deni kama langu, watoto wetu katikati, na kila siku iliyopita ilikuwa inaongezwa kwenye bili. Mume wangu aliuza televisheni, akaweka rehani karatasi ya parseli. Mlinzi wa getini alikuwa na orodha ya majina yetu, na alikuwa kijana mpole sana, alitununulia maandazi mara mbili. Hatukuruhusiwa kupita tu.

Kwa hiyo nilinyoosha mkono wa sekretere, kitu ambacho si kawaida, nikauliza: hii ya kwetu, mtu akishindwa kulipa, getini kutakuwa na orodha?

Kimya. Kisha mama mmoja akasema, "Lakini si serikali ilisema kuzaa ni bure?" Mtu akamjibu kwamba ndiyo, ilianzishwa Kinshasa mwaka 2023, iko njiani inakuja. Kutoka nyuma sauti ikauliza: "Inakuja na barabara gani?" Mkutano ukaanguka kicheko, maana kati ya Kinshasa na sisi barabara ya gari hakuna, na kila mtu pale alijua.

Prezida alicheka pia, kisha akasema swali la Mama Sekretere ni zuri lakini si la leo. Leo tunatafuta kiwanja, mambo ya bei ni ya wataalamu, lisiandikwe ili mfadhili asione tumeanza kugombana kabla ya jiwe la kwanza. Nilimwelewa. Mfadhili anapenda kusoma habari za mawe na mchanga. Ukuta unapigwa picha. Mtu aliyelala siku kumi na moja kwa ajili ya deni hapigwi picha. Lakini nilikuwa nimeshaandika, na kwa wino. Ukurasa wa kumi na tano. Nilimwonyesha. Alitazama, akasema mwandiko wako mzuri, akafunga kitabu.

Mkutano wa nne ulikuwa wa kunyoosha mikono. Uwanja wa mpira ulipata 41, kusubiri kiwanja kingine 28. Mimi nilinyoosha kwa uwanja. Mzee wa chukudu pia, ingawa alisema barabara ya kupanda kule itamuua. Yule mama wa kondo akapewa ahadi kwamba kazi ya kwanza itakuwa kuchimba, kabla ya ukuta wowote, na akataka ahadi hiyo iandikwe na isomwe kwa sauti. Niliisoma mara mbili. Maji ya kule juu bado hayana jibu. Kuna wanaosema matangi ya mvua, kuna wanaosema lori. Kila kaya itatoa franka au debe la mchanga, na tumeshaanza kubishana debe ni la ukubwa gani.

Nyumbani ndiko nilikopata hasara. Kijana wangu wa pili ana miaka 14 na ni winga wa kulia. Alikuwa mkutanoni, amepanda kwenye ukuta pamoja na wenzake, na aliona mkono wangu. Siku mbili hakunisemesha. Aliteka maji, akaosha vyombo, akasalimia wageni, mimi akanipita kama kabati. Bugali alikula barazani. Baba yake akasema muache, na mimi nikamuacha, lakini usiku nilikuwa nasikia anapiga mpira wake wa mifuko ukutani, dum, dum, dum, upande wa kitanda changu.

Siku ya tatu alikuja kibandani baada ya masomo, akaweka karatasi juu ya meza, imekunjwa mara nne. Alikuwa amechora uwanja. Yeye na wenzake walikuwa wameupima kwa hatua: 92 kwa 58. Hospitali ikichukua hatua 38 za upande wa barabara, zinabaki 54 kwa 58, na magoli yakigeuzwa, moja likielekea mlima na jingine ziwa, wanaweza kucheza saba kwa saba. Alikuwa amechora hata uzio, ili mpira usiingie materinite.

"Uweke kwenye kitabu," akaniambia.

Nikamweleza kwamba kitabu ni cha mikutano, na hili halikusemwa mkutanoni.

"Hata ile ya bili prezida alisema usiandike."

Kulikuwa na mteja anasubiri kutoa pesa. Nikamwomba avumilie kidogo, nikainama chini ya meza kutafuta gundi.